Kulinda Jina la Kikoa kwa Alama ya Biashara: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki

Anayesajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, liwe linaishia kwa .com, .co.tz au .africa, hupata haki ya kulitumia kwa muda aliolipia na kwa masharti ya mkataba wake na msajili, yaani kampuni iliyomwandikishia jina hilo. Neno lenyewe halijawa lake. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, nacho hueleza tu kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimzuii mtu aliyeko Mbeya au Toronto kufungua tovuti yenye jina lilelile. Kinachompa mfanyabiashara nguvu ya kumtaka mwingine aliache jina ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na nguvu hiyo hutegemea sana tarehe, yaani nani alikuwa na haki katika jina kabla mwenzake hajalisajili mtandaoni. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa kufuata tarehe hizo, kwa sababu kazi ndogo iliyofanywa mapema ndiyo inayoamua shauri litakalokuja miaka kadhaa baadaye.

Tutumie mfano mmoja wa kubuni. Mfanyabiashara wa Unguja anataka kuuza karafuu, mdalasini na iliki nje ya nchi kwa jina la Kurumbiza.

Hatua ya 1: Chagua jina linaloweza kulindwa

Sheria za alama za biashara hazimruhusu mtu mmoja kuhodhi maneno ambayo wauzaji wote wanayahitaji. "Karafuu Bora" ni jina linalovutia, lakini linataja bidhaa na sifa yake, kwa hiyo afisa wa usajili ama atalikataa, ama atalikubali kwa sharti kwamba hutadai haki ya peke yako juu ya maneno hayo mawili. Majina ya mahali yana shida ileile: Zanzibar, Pemba na Kilimanjaro ni majina yanayohitajiwa na kila mzalishaji wa huko, na majopo yanayoamua migogoro ya majina ya kikoa hayahesabu jina la mahali kuwa alama ya biashara kwa sababu tu linajulikana. Kurumbiza ni ndege, hana uhusiano wowote na viungo vya chakula, na ndiyo maana jina lake linafaa kwa kazi hii. Jina lililobuniwa kabisa, ambalo halimo katika kamusi yoyote, hupata ulinzi mpana zaidi.

Kuongeza .com mwishoni mwa neno la kawaida si njia ya mkato. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa "Booking.com" linaweza kusajiliwa kama alama, lakini uamuzi huo ulijengwa juu ya ushahidi kwamba wateja wa Marekani wanalitambua kama jina la kampuni moja, si kama jina la aina ya huduma. Biashara changa haina ushahidi wa namna hiyo. Wala usidhani kwamba neno la Kiswahili liko salama kwa kuwa kila mtu analijua: kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" kwa mavazi nchini Marekani mwaka 2003, jambo lililoleta manung'uniko makubwa Afrika Mashariki mwaka 2018, wakati usajili ulikuwa umekwisha kukaa kwenye daftari la huko kwa miaka kumi na mitano.

Hatua ya 2: Fanya upekuzi kabla ya kulipia chochote

Pekua daftari la alama katika kila nchi utakayouza: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Kisha pekua hifadhidata ya alama ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), ambayo ni ya bure na hukusanya alama za nchi nyingi mahali pamoja. Usitafute maneno yanayofanana herufi kwa herufi tu; tafuta pia yanayosikika karibu, kwa sababu Kurumbiza na Kurumbisa ni jina moja kwa mteja aliyelisikia redioni.

Upande wa mtandao, fungua ukurasa wa lookup.icann.org na uandike jina unalolitaka. Ikiwa limekwisha kuchukuliwa, soma mstari wa tarehe ya kusajiliwa na uuhifadhi. Mara nyingi jina la mwenyewe halitaonekana, kwa kuwa tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika Mei 2018 wasajili wengi huficha taarifa binafsi, lakini tarehe na jina la msajili huonekana. Ukikuta kurumbiza.com lilisajiliwa mwaka 2009 na kuna mtu analitumia kwa shughuli zake halali, chagua jina jingine wakati bado hujachapisha hata lebo moja. Ushauri huu wengi huupuuza kwa kuamini kwamba alama watakayoisajili mwaka huu itamng'oa aliyetangulia, na kwa kawaida haimng'oi.

Hatua ya 3: Chukua jina la kikoa kimyakimya, na kwa jina lako

Wako wanaofuatilia magazeti ya alama za biashara na kusajili majina ya kikoa ya wale walioomba karibuni, ili wawauzie. Kwa hiyo, usitangaze jina popote, wala usipeleke ombi la alama, kabla ya kushika majina ya kikoa unayoyahitaji. Kazi hii na ombi la alama zifanyike wiki moja, zikifuatana.

Kwa msafirishaji wetu, kurumbiza.com na kurumbiza.co.tz yanatosha kuanzia. Akiwa na mpango wa kweli wa kuuza Kenya, aongeze kurumbiza.co.ke. Si lazima kununua kila kiambishi, yaani mwisho wa jina kama .com, kilichopo duniani. Fedha hizo zina faida zaidi zikitumika kulipia daraja la pili la alama, yaani kundi jingine la bidhaa au huduma.

Jambo linaloumiza biashara nyingi za kwetu halitoki kwa mvamizi wa ng'ambo. Hutoka kwa fundi wa tovuti aliyepewa kazi yote, akasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha wakakosana juu ya malipo. Wakati huo mwenye biashara hana nywila, hana risiti, na kwenye kumbukumbu za msajili mwenye jina ni fundi. Majopo ya WIPO mara nyingi hukataa mashauri ya aina hiyo kwa maelezo kwamba ni ugomvi wa kimkataba unaopaswa kwenda mahakamani. Kwa hiyo fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe, lipia wewe, kisha mpe fundi ruhusa ya kuhariri anayoihitaji. Ingia kwenye akaunti na usome sehemu ya mwenye jina: iandikwe kampuni kama ilivyo kwenye cheti, siyo jina la mpwa wako anayejua kompyuta. Barua pepe ya mawasiliano isiwe ile inayotumia jina lilelile la kikoa, kwa maana siku jina likiisha muda, barua pepe hiyo nayo hufa, na tahadhari zote za msajili hazikufikii.

Hatua ya 4: Omba usajili wa alama

Tanzania ina madaftari mawili. Alama iliyosajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, hailindi Zanzibar, na iliyosajiliwa BPRA hailindi Bara. Msafirishaji wetu wa Unguja anayepakia mzigo bandari ya Dar es Salaam anahitaji zote mbili. Bara, maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA, na mwombaji hutumia namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kufungua akaunti.

Bidhaa na huduma hupangwa katika madaraja 45 ya Uainishaji wa Nice: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Viungo, chai na kahawa vimo daraja la 30. Huduma ya kuuza bidhaa kwa rejareja au kupitia duka la mtandaoni imo daraja la 35. Orodhesha bidhaa unazouza na zile utakazouza karibuni, kwa maneno yaliyo wazi, kwa sababu ulinzi wako hautavuka maneno hayo.

Omba neno lenyewe, KURUMBIZA, kwa herufi za kawaida, bila www na bila .com. Picha ya nembo unaweza kuiombea kando baadaye. Sababu ni ya kivitendo: katika shauri la jina la kikoa, jopo hulinganisha herufi za alama na herufi za jina, na mwenye neno tupu hana haja ya kueleza mchoro una uhusiano gani na anwani ya tovuti.

Baada ya ukaguzi, ombi hutangazwa kwenye gazeti la alama, na mtu mwingine ana siku 60 za kupinga. Kenya nayo hutumia muda huohuo wa siku 60. Usajili wa Bara hudumu miaka 7 mwanzoni, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, ilhali wa Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Ulinzi huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa, kwa hiyo hifadhi stakabadhi ya siku hiyo kuliko unavyohifadhi cheti chenyewe.

Hatua ya 5: Weka kufuli na utunze ushahidi

Kwenye akaunti ya msajili, washa uhuishaji wa moja kwa moja, washa uthibitisho wa hatua mbili, na hakikisha hali ya jina inasomeka clientTransferProhibited, maana yake haliwezi kuhamishwa bila wewe kufungua kufuli. Ikiwa jina la .com limepita tarehe ya mwisho, bado lipo tumaini: msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, na akishalifuta kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuligusa kabla halijarudi sokoni. Vikoa vya nchi vina ratiba zake, na baadhi ni fupi zaidi.

Fungua jalada moja, la karatasi na la kielektroniki, na uweke humo ankara za mauzo zenye jina la alama, picha za lebo zilizo na tarehe, risiti za matangazo, picha za maonyesho ya Sabasaba, barua za wateja na nakala za ukurasa wa tovuti kila baada ya miezi michache. Jalada hili lina kazi mbili. Huonyesha kwamba unaitumia alama, na kama umechelewa kusajili, ndilo linaloweza kumsadikisha mwamuzi kwamba jina lilikwisha kujulikana kuwa lako. Majopo hukubali alama isiyosajiliwa, ila hudai ushahidi mzito wa mauzo, matangazo na utambuzi wa wateja, na neno tupu la mlalamikaji halifai kitu.

Hatua ya 6: Kaa macho

Kila mwezi andika jina lako kwenye mtambo wa kutafutia, pamoja na makosa ya kawaida ya kuliandika, na uangalie nani amelichukua. Kwa viambishi vipya vinavyofunguliwa, kuna hazina ya kimataifa ya alama, Trademark Clearinghouse, iliyoanza mwaka 2013: mwenye alama iliyosajiliwa hupewa dirisha la siku zisizopungua 30 kusajili kabla ya umma, na kwa angalau siku 90 baada ya kufunguliwa kwa umma, anayejaribu kusajili neno lile hupewa onyo. Kwa biashara ndogo hili linaweza kusubiri.

Puuza barua pepe zinazosema kampuni fulani ya China imeomba kusajili jina lako na kwamba unatakiwa ulipie haraka ili uliwahi. Ni mtego wa siku nyingi.

Hatua ya 7: Jina likichukuliwa, tambua kwanza ni tatizo la aina gani

Kabla ya kuandika neno lolote kwa aliyelichukua, piga picha za kurasa zote zikiwa na tarehe na anwani, na uhifadhi nakala kwenye hifadhi ya kurasa za zamani, Wayback Machine. Mvamizi akishapata barua yako, ukurasa wenye lebo zako unaweza kutoweka jioni hiyohiyo.

Ikiwa tovuti inawaibia wateja nywila au fedha kwa kujifanya wewe, hilo ni jambo la saa. Peleka taarifa kwenye anwani ya malalamiko ya msajili wa jina hilo: tangu tarehe 5 Aprili 2024, mikataba ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya kikoa duniani, inawalazimu wasajili wa vikoa kama .com kuchukua hatua wakipata ushahidi wa kutosha wa ulaghai wa namna hiyo. Toa taarifa pia kwa kitengo cha taifa cha usalama wa mtandao, TZ-CERT Tanzania au KE-CIRT Kenya, na kwa polisi. Kenya, kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 kinafanya kuwa kosa la jinai kutumia kwa makusudi jina, alama au jina la kikoa la mwingine bila haki, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ikiwa aliyelichukua ana sababu yake halali, mwache. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani aitwaye Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta, kwa jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki mwaka 1999, na baada ya miaka mingi ya kesi jina lilibaki mikononi mwake. Mtu anayeitwa Kurumbiza, au shirika la wapenda ndege, lina haki ya kutumia neno hilo kwa shughuli isiyogusa viungo vyako.

Ikiwa ni mvamizi anayetaka kukuuzia, andika barua moja fupi yenye namba ya usajili wa alama, tarehe yake, na siku ya mwisho ya kujibu. Usitaje bei. Akitaja yeye, hasa ikiwa imepita mno gharama alizotumia, ihifadhi barua yake, kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi wako.

Hatua ya 8: Fungua shauri chini ya UDRP

Utaratibu wa UDRP, wa kuamua migogoro ya majina ya kikoa bila kwenda mahakamani, ulipitishwa na ICANN mwaka 1999, na kila anayesajili .com, .net, .org au .africa amekwisha kuukubali ndani ya mkataba wake, popote anapoishi. Mwaka 2023 WIPO ilipokea zaidi ya mashauri 6,000. Kwa majina ya .tz, WIPO ni miongoni mwa vyombo vinavyotoa huduma hiyo, lakini soma kanuni za kikoa husika kabla ya kuandika, kwa maana vikoa vya nchi hutofautiana.

Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja. La kwanza ni kwamba jina la kikoa linafanana na alama aliyo na haki nayo, au linakaribiana nayo kiasi cha kuchanganya. Hapa cheti hutosha, hata kikiwa cha nchi moja tu, ila ombi ambalo bado halijakubaliwa kwa lenyewe halitoshi. La pili ni kwamba mlalamikiwa hana haki wala maslahi halali katika jina. Onyesha kwamba hukumpa ruhusa, hajulikani kwa jina hilo, na hafanyi biashara ya kweli kwalo, kisha mzigo wa kujieleza humhamia yeye. La tatu ni kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya.

Mashauri yanayoshindwa mara nyingi hukwama katika hilo la tatu, na ndipo tarehe zinapoamua. Neno ni "na", siyo "au": nia mbaya iwepo siku ya kusajili, na iwepo katika matumizi. Aliyesajili mwaka 2015 hakuweza kuwa na nia mbaya dhidi ya alama iliyozaliwa mwaka 2021, isipokuwa kama alijua inakuja, kwa mfano baada ya kusoma gazetini habari za biashara inayoanzishwa. Kuhuisha jina kila mwaka hakuhesabiwi kuwa usajili mpya. Lakini likiuzwa kwa mtu mwingine, tarehe inayoangaliwa ni ile aliyolipata yeye. Baadhi ya vikoa vya nchi, kama .au cha Australia, hutosheka na jambo moja kati ya mawili.

Kanuni zinataja mifano minne ya nia mbaya: kusajili hasa ili kumuuzia mwenye alama au mshindani wake kwa bei inayozidi gharama, kumzuia mwenye alama asilipate, ikiwa mhusika ana mazoea hayo, kumvuruga mshindani kibiashara, na kuvuta wateja kwa faida kwa kuwachanganya wadhani tovuti ni yako. Mvamizi hawezi kujificha nyuma ya ukurasa mtupu. Tangu uamuzi wa mwaka 2000 katika shauri la Telstra, kampuni ya simu ya Australia, majopo hukubali kwamba kulikalia jina bila kulitumia kunaweza kuwa nia mbaya, ikiwa alama inajulikana sana na hakuna matumizi halali yanayoweza kufikirika.

Lalamiko hujazwa kwenye fomu ya WIPO, lisizidi maneno 5,000, kwa lugha ya mkataba wa usajili, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Ada ni dola 1,500 za Marekani kwa majina 1 hadi 5 na mwamuzi mmoja, au dola 4,000 kwa jopo la watatu. Kutojua jina la mlalamikiwa si kikwazo: WIPO humwandikia msajili, ambaye hulifunga jina ndani ya siku mbili za kazi na kutoa taarifa zilizofichwa, nawe hupewa siku 5 za kurekebisha lalamiko. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu na anaweza kuongezewa 4. Jopo likishateuliwa huamua ndani ya siku 14. Kwa kawaida yote huisha katika takriban siku 60.

Usifungue shauri kwa kubahatisha. Jopo likiona ulijua huna hoja na ulitaka tu kupora jina la mtu, litaliandika hilo kwenye uamuzi unaosomwa na dunia nzima.

UDRP haitoi fidia. Inaweza kukuhamishia jina au kulifuta, basi. Anayedai hasara aliyopata aende Mahakama Kuu kwa shauri la kuvunja haki ya alama, au la kuuza bidhaa kwa sura ya mwingine. Mahakama zinazofuata sheria za Kiingereza huuzingatia uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza wa mwaka 1998, katika kesi ya British Telecommunications dhidi ya One in a Million, uliosema kwamba kusajili majina ya kampuni mashuhuri ili kuziuzia ni silaha ya ulaghai inayoweza kuzuiwa hata kabla ya kutumika.

Hatua ya 9: Pokea jina na ulifunge

Ukishinda, msajili husubiri siku 10 za kazi, ili mlalamikiwa apate nafasi ya kwenda mahakamani, kisha hulihamisha jina. Hapa usilegee. Fungua akaunti kwa msajili huyohuyo ukihitajika, badilisha taarifa za mwenye jina ziandikwe kampuni yako, futa mipangilio ya zamani ya seva na ya barua pepe, weka kufuli, washa uhuishaji, na ulielekeze jina kwenye tovuti yako kuu. Angalia pia kama kulikuwa na anwani za barua pepe zilizotumiwa na mvamizi, na uwajulishe wateja wako kwamba barua walizopokea kutoka huko kabla ya tarehe ya uhamisho hazikutoka kwako.